Waogeleaji wa Newala

Wadogo zangu wa masijala, siku mliyoniaga mlinipa kanga doti moja, saa ya ukutani na ombi. Kanga nimeshaivaa. Saa nimeitundika sebuleni, inakwenda mbele dakika saba. Ombi ndilo hili ninalolitimiza leo, niwaandikie kidogo niliyoyaona kazini. Anayetafuta humu habari za vyeo na mishahara atoke mapema. Hizo ziko kwenye faili langu, na mnajua wenyewe ufunguo wa kabati lile siku hizi anao nani.

Nitaandika juu ya jambo moja tu, lile lililonifurahisha kuliko yote, na ambalo likinijia hadi leo najikuta nacheka peke yangu jikoni. Ni swali la mwisho la usaili. Mmeshaulizwa wote, na baadhi yenu mtakuja kuwauliza wengine: nje ya kazi, unapendelea nini? Watu hukariri sheria na nyaraka wiki nzima, wanafika mbele ya jopo wanajibu vizuri, halafu wanaulizwa swali la kupumzikia na hapo ndipo wanapoanguka. Nimekuwa katibu wa jopo miaka mingi. Niliowaona wakianguka kwenye hesabu ni wachache kuliko niliowaona wakianguka kwenye starehe zao wenyewe.

Hata mimi nilianguka hapohapo, ila niliangukia ndani. Nilikuwa binti wa mwalimu wa misheni, nimetoka kwetu Masasi na sketi iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Kwenye fomu nilikuwa nimeandika kwamba napendelea kusoma vitabu, kwa sababu kila aliyesoma alitakiwa apende kusoma vitabu. Mwenyekiti akaniuliza ni kitabu gani nimesoma karibuni. Nikatafuta kichwani, nikakuta kitupu. Kitabu pekee kilichonijia ni cha nyimbo za kanisani, nikakitaja. Akauliza kinahusu nini. Nikamjibu kwamba kinahusu mambo mengi, inategemea namba. Jopo zima lilicheka, nami nikapewa kazi kwa sababu ya mwandiko, maana wakati ule mwandiko ulikuwa bado ni kitu.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Baba Zuhura, mzee wa Kiyao aliyekuwa mkuu wa masijala. Alikuwa mfupi, mkimya, na alivaa koti la kijivu hata Novemba, jua linapochoma mpaka mijusi inakimbilia kivulini. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho, kisha akanipa rula, kalamu ya wino mweusi na jalada jipya. Jalada lilikuwa langu. Alinifundisha kazi kwa kunifungulisha faili langu mwenyewe, mara hiyo moja tu, akasema baada ya hapo sitaligusa tena mpaka nitakapostaafu. Mtumishi hashiki faili lake. Nikatoboa fomu yangu ya maombi, nikaipitisha kamba, nikaandika namba moja kwenye kona ya juu.

Akaisoma ile fomu yote hadi chini. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho na kuniambia, taratibu kama anayenionyesha doa kwenye nguo, kwamba hapo pana uongo na utakaa humo miaka yote ya utumishi wangu. Niliona aibu. Nikachukua kalamu nifute. Akanikamata mkono, na hapo ndipo nikapata fundisho la kwanza la kazi hii, ambalo nimelirudia kwenu mpaka mkachoka.

"Masijala hatufuti," alisema. "Kosa linakatwa kwa mstari mmoja wa rula, la zamani lisomeke. Juu yake unaandika lililo sahihi, unatia saini, na mwingine anashuhudia. Anayefuta ana jambo analificha."

Nikamwambia basi nikate na niandike la kweli. Akasema fomu ikishapokelewa, mwenye fomu anaandika barua. Akaniuliza la kweli ni lipi.

La kweli nilikuja kulijua miezi michache baadaye. Tarishi wetu aliumwa mgongo, nikatumwa mimi kupeleka barua kwa baiskeli ya ofisi, ile nzito nyeusi yenye kapu la chuma mbele. Wakati huo nilikuwa nimeshahamishiwa Newala pamoja na Baba Zuhura. Mnaijua barabara ya Masasi inapouacha uwanda wa juu na kuanza kuteremka. Kupanda ni kusukuma na kujuta. Kushuka niliinua miguu kutoka kwenye pedali, nikaachia breki, upepo ukaingia kwenye sketi, nikapiga kelele ambazo binti wa mwalimu wa misheni hatakiwi kuzijua. Barua ilifika mapema mno, aliyeipokea akadhani nimepewa lifti. Baada ya hapo kila palipokuwa na barua ya upande ule nilijitolea mimi, na Baba Zuhura akanipa baiskeli. Lakini kuandika barua rasmi kwamba mimi napendelea kuteremka mlima kwa baiskeli ya serikali, hapana. Nilikuwa nataka kuolewa.

Miaka ikaenda. Baba Zuhura alistaafu, akaniachia rula yake. Nikapewa kazi ya ukatibu wa jopo la usaili, na hapo ndipo nilipokutana na waogeleaji.

Asili yao ilikuwa Mkomaindo, Masasi. Karibu na hospitali palikuwa na kijana, nitamwita Shaibu, aliyefungua steshenari yenye kompyuta moja na printa moja inayokula karatasi. Wasifu wa kwanza aliowahi kuuchapa aliunakili kutoka kwa mtu wa Dar es Salaam, na tangu siku hiyo kila aliyekuja alibadilishiwa jina, tarehe ya kuzaliwa na shule. Yaliyobaki yalibaki. Baadaye mpwa wake alifungua steshenari yake hapa Newala na kuja na flashi ileile. Ndiyo sababu katika usaili mmoja wa watendaji wa vijiji, wasailiwa saba mfululizo waliingia chumbani kwetu na mstari mmoja wa mwisho: kuogelea, kusafiri na kubadilishana mawazo.

Kuogelea, Newala. Wageni hawaelewi kwa nini hili linachekesha, lakini nyinyi mnajua. Mama zetu walishuka bondeni na ndoo kichwani, wakapanda nazo. Hadi leo bomba likitoa maji mtaa mzima unaitana. Mwenyekiti wa siku hiyo, mtu aliyetoka nje ya wilaya, alimuuliza wa kwanza anaogelea wapi. Kijana wa Makote, suti imemzidi mabega, akajibu kwamba anaogelea nyumbani. Nyumbani wapi? Kwenye pipa. Wa tatu akasema anaogelea Ruvuma, mwenyekiti akamuuliza na mamba je, naye akajibu bila kupepesa macho kwamba wanamjua. Niliinamisha kichwa kwenye daftari la kumbukumbu za kikao na kuandika mistari ambayo mpaka leo mimi mwenyewe siwezi kuisoma.

Wa sita ndiye aliyenikata kicheko. Alikuwa mtu mzima kidogo, wa Mkunya, amejibu maswali yote kwa utulivu. Alipoulizwa habari ya kuogelea alitetea uongo wake mpaka jasho likamtoka, akataja na mashindano. Mwenyekiti akaandika kwamba si mkweli, basi. Wiki mbili baadaye nilipeleka redio yangu kutengenezwa sokoni, nikamkuta yeye ndiye fundi. Alikuwa na redio za watu zimejaa hadi chini ya meza, anazifungua kwa kisu cha mezani, na nyingine nyingi hazikuwa za kazi bali za kujifurahisha tu, kuona zinavyosema. Nikamuuliza kwa nini hakusema hili. Akanishangaa.

"Mama, hii nayo ni ya kusema mbele ya wakubwa?" alisema.

Nilirudi nyumbani roho inaniuma. Jibu lilikuwa mikononi mwake, na mtu akakosa kazi kwa kutetea bwawa asilowahi kuliona. Tangu hapo, kwa wale nisiokaa kwenye jopo lao, nilianza kuwafundisha. Nawaandikia nyinyi pia, mtakaowaandaa wengine. Usimuulize mtu anapendelea nini, atakwambia kusoma vitabu. Muulize Jumamosi iliyopita alikuwa wapi. Akishasema, muulize mara ya mwisho kabla ya hiyo ilikuwa lini, maana mtu ambaye mara yake ya mwisho ni ya zamani hana hobi, ana kumbukumbu. Mwambie aeleze siku moja, si maisha yote. Mwambie asiseme sisi. Kwetu huku tumelelewa tusijitaje, mtu anaulizwa anapenda nini anajibu kwamba sisi tunapenda, jopo linabaki linatafuta wengine wako wapi. Na kama ana mikono, aitumie.

Sasa nifike kwa Somoe, ambaye baadhi yenu mnamjua kama bosi na mnamwogopa. Alikuja masijala kwetu kujitolea, binti wa Mkunya, mwembamba, sauti ndogo. Nilimpa rula na kalamu kama nilivyopewa. Kipaji chake kilikuwa kutafuta jalada lililopotea. Sisi tulikuwa tunapekua kabati zima na kulaumiana, yeye alikaa kimya na rejista, akaenda moja kwa moja kwenye ofisi fulani, akarudi nalo. Alijitolea miaka miwili. Alishaitwa kwenye usaili mara tatu sehemu nyingine na mara tatu akakosa, na kila mara alirudi kazini kesho yake na kusema tu kwamba haikuwa riziki. Halafu, mwaka wangu wa mwisho, nafasi ya mtunza kumbukumbu ikatangazwa palepale kwetu. Nafasi moja. Mama yake alikuwa ameshamwambia kwamba safari hii akikosa arudi shambani, korosho hazijipalilii.

Maombi yalipita mikononi mwangu, kwani ndiyo kazi yetu, kupokea na kugonga muhuri. Nilipofika kwenye fomu ya Somoe niliisoma yote hadi chini, kama nilivyozoeshwa. Mstari wa mwisho ulisema: kuogelea, kusafiri na kubadilishana mawazo. Alikuwa amechapishiwa na mpwa wa Shaibu, akatia saini kila ukurasa.

Nitawaambia ukweli, maana nimestaafu. Ukurasa ule ningeweza kuuchomoa. Nilikuwa peke yangu, kabati wazi, na printa ipo mezani. Anayeomba kutunza kumbukumbu alikuwa ametia saini asichosoma, na aliyesoma ni mimi peke yangu. Nilikaa nao mkononi mpaka chai yangu ikapoa. Kisha nikagonga muhuri, nikafungia maombi yote kabatini, nikampelekea afisa utumishi ufunguo pamoja na barua kwamba msichana huyu yuko chini yangu na nisihusishwe na usaili ule kwa lolote. Nikamuuliza kama kumfundisha kuongea ni kosa. Akasema mradi sijui maswali, hata kuimba naweza kumfundisha.

Mazoezi tulifanyia barazani kwangu. Mume wangu, Baba Neema, alivaa koti lake la kanisani na kuwa mwenyekiti, kazi aliyoipenda kupita kiasi. Somoe alikuwa ameshagundua kosa lake na kulipatia dawa: alijifunza kuogelea kwenye simu. Alikuwa amekariri mitindo minne. Baba Neema akamuuliza maji yenyewe ya wapi, Somoe akafungua mdomo, akaufunga, akasema ya mvua. Tulicheka sote watatu, kisha yeye akaanza kulia. Nikamwacha alie kidogo, halafu nikamuuliza Jumamosi iliyopita alikuwa wapi.

Akasema porini na mama yake. Kufanya nini? Akatazama chini. Kuchimba ming'oko.

Kwa watakaoletwa hapa kutoka mikoa mingine, ming'oko ni viazi vya porini, vyembamba kama vidole, ambavyo wanawake wa huku huvichimba kiangazi, huvichemsha na chumvi, na ukivionja mara moja hutavisahau. Nikamwambia anionyeshe. Akapiga magoti palepale barazani, na sauti ikabadilika. Alisema kiangazi juu ya ardhi hakuna kitu, kuna kamba tu ya mmea iliyokauka kwenye majani, nyembamba kama uzi. Ukiivuta inakatika na umepoteza pa kuanzia. Unaifuata kwa vidole mpaka inapoingia ardhini, unachimba pembeni, si juu yake, unafukua mchanga kwa mkono. Mikono yake ilikuwa inachimba sakafu yangu ya saruji, na mimi nilikuwa nimesimama wima kwa furaha bila kujua nimesimama saa ngapi. Nilikuwa nimepata jibu la miaka miwili: ndivyo alivyokuwa anatafuta mafaili.

Lakini akakataa kata kata kulisema. Mama yake atakasirika. Basi Jumamosi tukaenda Mkunya, mimi na yeye, kumwona Mama Somoe. Tulimkuta anafagia chini ya mikorosho. Alinipokea vizuri, akanipa kigoda, na nilipoeleza shida yangu akaacha kufagia.

"Mwanangu nimemsomesha," alisema. "Leo akakae mbele ya wakubwa aseme anachimba ming'oko? Watasema kwa mama yake kuna njaa."

Nikaomba tu twende wote porini nikaone. Tulikwenda. Walinipa jembe dogo, nikapata kamba yangu, na ndani ya saa nzima niliwakatia ming'oko yote niliyoigusa, vipande vipande, kama niliyetumwa kuiharibu. Mama Somoe alivumilia mwanzo, kwa heshima. Mwishowe alishindwa, akakaa chini akacheka mpaka kanga ikamtoka kichwani, akaniuliza mafaili ya watu huwa nayashikaje. Nikamwambia ndiyo maana namtaka mwanawe. Akachukua jembe mkononi mwangu, akachomoa mng'oko mzima bila kuukata. Kisha akarudisha kichwa cha mmea shimoni na kukifunika mchanga kwa kiganja, ili mwakani uote tena.

"Aseme," alisema. "Ila aseme na kufukia. Wengi wanachimba, hawafukii."

Siku ya usaili sikukanyaga ofisini. Nilifagia uwanja uleule mara tatu. Baba Neema alinishauri nikae, nikamshauri na yeye anyamaze. Saa nane mchana Somoe alitokea njiani na viatu mkononi, na nilishindwa kuusoma uso wake. Nikampa maji. Akanywa yote, akakaa, akanisimulia kwa utaratibu wake, kana kwamba anasoma rejista.

Alikuwa wa tano kuingia. Maswali ya kazi alijibu. Mama mmoja wa jopo akafika mstari wa mwisho, akavua miwani, akawatazama wenzake. Akasema na huyu naye anaogelea. Wakaanza kucheka, kwa sababu asubuhi ile walikuwa wameshapata waogeleaji watatu. Mwenyekiti akamuuliza anaogelea wapi.

"Siogelei," Somoe alijibu. "Sijawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Nilichapishiwa, nikatia saini bila kusoma. Naomba fomu yangu na rula."

Mwenyekiti akamwambia kwamba fomu ikishapokelewa haibadilishwi. Lakini hapo Somoe alikuwa kwenye kazi yake na anaijua.

"Sibadilishi, narekebisha," alisema. "Mmeniuliza wenyewe kikaoni, nanyi ni mashahidi. La zamani litasomeka."

Waliangaliana. Yule mama akamsukumia fomu. Rula hakuna, akatumia ubavu wa kitambulisho chake cha kupigia kura. Mstari mmoja juu ya kuogelea, kusafiri na kubadilishana mawazo. Juu yake akaandika: kuchimba ming'oko. Akatia saini na tarehe, kisha akamgeuzia mwenyekiti fomu na kumwomba ashuhudie. Na mwenyekiti, mtu mzima, mwenye tai, akachukua kalamu akashuhudia.

Halafu wakamwambia awaeleze hiyo ming'oko. Aliwaeleza, magoti hakupiga ila mikono aliitumia. Alipofika kwenye kamba iliyokauka mmoja wao akaacha kuandika. Wakamuuliza inahusiana nini na kazi, akasema jalada likipotea hafungui kabati, anatafuta kamba yake kwenye rejista, nani alilichukua mara ya mwisho, na haivuti kwa nguvu. Akamalizia kwa habari ya kufukia.

Nikamuuliza walisema nini. Akasema walisema asante, aende. Nikamuuliza nyuso zao zilikuwaje. Akasema hakuangalia nyuso, alikuwa anaangalia kama wino umekauka.

Tulisubiri wiki tatu. Karatasi ya matokeo ilipobandikwa ubaoni nilikuwa wa kwanza kufika, mimi mwenye miaka karibu sitini, nikiwapita vijana. Jina lilikuwa moja na lilikuwa lake. Nililia na kucheka kwa wakati mmoja, nikampigia Mama Somoe simu, naye alichouliza kwanza ni kama mwanawe alisema habari ya kufukia. Faili la Somoe lilikuwa la mwisho nililolifungua katika utumishi wangu. Nilitoboa fomu, nikapitisha kamba, nikaandika namba moja kwenye kona. Nendeni mkaitazame mkipata ruhusa. Mstari umenyooka, na kuogelea kunasomeka vizuri kabisa.

Ijumaa yangu ya mwisho, mlipokuwa mnapanga viti vya sherehe, niliingia masijala nikamwomba Somoe faili langu. Nilitaka kutazama ile fomu ya zamani na kukata ule uongo wa vitabu kabla sijaondoka. Rula ya Baba Zuhura nilikuwa nayo mkobani. Somoe alisimama, akanipa heshima zote, na akakataa.

"Mama, faili lako hupewi," alisema. "Andika barua."

Nilikaa kwenye benchi la wageni, katika ofisi niliyoifungua asubuhi kwa miaka mingi, nikaandika barua. Yah: kurekebisha mambo ninayopendelea. Nikaeleza kwamba palipoandikwa kusoma vitabu pasomeke kuteremka mlima kwa baiskeli. Sikujua naona aibu au furaha. Nadhani ni furaha. Somoe aliisoma yote hadi chini. Akanyanyua muhuri wa kupokelea, akausimamisha hewani.

"Mara ya mwisho ilikuwa lini?" akaniuliza.

Nikahesabu miaka. Neema alikuwa hajazaliwa, na Neema sasa ana watoto wawili. Somoe akaweka muhuri chini, akanirudishia barua kwa mikono miwili, akaniambia niilete Jumatatu.

Jumamosi Baba Neema aliazima baiskeli kwa jirani, akalalamika njia nzima mpaka barabara inapouacha uwanda. Nilifunga kanga vizuri kiunoni. Jumatatu sikuwa mtumishi tena, nikapanga foleni dirishani pamoja na wananchi, nimeshika barua ileile, na goti la kulia limefungwa bandeji. Zamu yangu ilipofika Somoe alilitazama goti, akaitazama barua, akagonga muhuri.